Gauni la Mama Lililopwaya

Fundi cherehani alikuwa na kisingizio kwa kila mteja aliyemuuliza kwa nini hajachanjwa. Kwa mmoja alidai chanjo ya korona imeharakishwa mno, kwa mwingine kwamba anangoja watu watangulie kwanza. Ukweli aliujua mkewe peke yake: mwanamume huyu, anayeshika sindano kuanzia asubuhi hadi jioni, akiiona ya hospitali miguu humlegea.

Dada yake mkubwa, aliyeishi na mama yao, hakutaka kusikia hadithi. "Hujachanja, huingii. Mama ana miaka themanini na mapafu yake unayajua." Basi karibu mwaka mzima fundi akawa anamsalimia mama yake akiwa nje ya dirisha, amejifunika barakoa, na mama kaketi ndani kwenye kiti kirefu, blanketi hadi kidevuni.

Mama alipoomba gauni jipya, fundi alifurahi kupita kiasi. Hakuomba hata vipimo. Alikuwa navyo daftarini, na alijivunia kwamba mteja wake hapimwi mara mbili. Alishona siku tatu, akatia mifuko miwili na kola ya duara, akampa dada mlangoni, kisha akazunguka dirishani kusubiri sifa.

Mama alisimama mbele ya kioo akiwa amelivaa. Mabega yalikuwa yameshuka hadi karibu na viwiko.

"Baba, hili gauni tunaingia wangapi?" mama akauliza.

Dada alicheka mpaka akashika ukuta. Fundi naye alicheka, kisha akasogea karibu na dirisha akamtazama vizuri. Kipimo hakikukosewa. Mama ndiye aliyekonda, na yeye, mtoto wake, hakuwa na habari.

"Mama, huli?"

"Nakula. Ila tangu uache kuja mezani, chakula hakina mazungumzo."

Fundi aliumia. Hakuaga vizuri. Kesho yake kituo cha afya kilipofunguliwa, yeye alikuwa wa pili kwenye foleni, jasho linamtiririka na hali ya hewa ni ya baridi.

Nesi alikuwa mteja wake. "Leo fundi umekuja wewe? Si ulisema unafanya utafiti?"

"Nimemaliza. Hiyo sindano ni namba ngapi?"

"Nyembamba kuliko zako. Na unavyonifokeaga nisitikisike ukinibana pini, leo zamu yako. Tulia!"

Alifumba macho, akauma meno, akaanza kumsihi Mungu. Alikuwa bado hajafika mbali aliposikia nesi akimwambia ashushe mkono wa shati. Alitoka pale anatembea kwa madaha utadhani kashinda ubunge.

Baada ya dozi ya pili, na siku zote ambazo dada aliziongeza kwa usalama, kadi yake ilikaguliwa mbele na nyuma, mlango ukafunguliwa. Fundi aliingia na utepe shingoni.

"Simama nikupime upya, mama."

Mama akasimama, akanyanyua mikono. Fundi akaupitisha utepe mgongoni kwake, mikono yote miwili ikamzunguka, ikabaki hapohapo.

"Baba, unapima nini huko?"

"Kiuno, mama."

"Kiuno kiko chini."

"Najua," fundi akasema, machozi yanamtoka, na hakuachia.