Nyumba ya Aprili, Agosti na Desemba

Karatasi ilikuwa imebandikwa kwenye geti kwa gundi, na Caren aliiona hata kabla hajashuka kwenye pikipiki. Alidhani ni tangazo la mazishi. Alimlipa mwenye boda, akavaa miwani, akasoma: jina la mumewe, nambari ya ploti, jina la dalali, tarehe ya mnada. Nyumba yao ya hapa Migori mjini ingeuzwa baada ya siku arobaini na tano.

Zadock alikuwa nyuma ya nyumba akipalilia sukuma wiki. Aliposikia hatua zake hakuinua kichwa.

"Zadock, hii ni barua ya ngapi?"

Aliliegemeza jembe ukutani, akaingia ndani, akarudi na bahasha mbili alizozitoa kwenye mfuko wa koti lake la suti. "Hiyo ni ya tatu," alisema. "Nilitaka nipate njia kwanza, ndiyo nikuambie."

Caren alitaka kumfokea. Lakini naye alikuwa na lake la kuficha. Aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, mkoba mapajani, akasema yote. Mwaka mzima uliopita, pesa alizokuwa akitoa kulipia mkopo wa nyumba hazikutoka kwenye chama chake cha akiba kama alivyomwambia. Zilitoka kwenye kadi ya mkopo ambayo benki iliwaletea walimu shuleni. Mshahara ukiingia analipa kadi, wiki ikiisha anakopa tena, hadi kadi ikafika mwisho na riba ikaanza kumla.

"Kumbe tulikuwa tunadanganyana wote wawili," Zadock akasema.



Jioni hiyo walikaa sebuleni bila kuwasha televisheni. Sebule hiyo ilikuwa ya Agosti. Ndivyo walivyozoea kuviita vyumba vyao, kwa likizo vilivyojengwa. Wakati huo wote wawili walikuwa walimu Magunga, wakiishi katika nyumba ya shule ambayo mvua ikinyesha iliwalazimu kusogeza kitanda mara tatu kwa usiku mmoja. Shule zikifungwa tu, walipanda gari kuja Migori na pesa za likizo hiyo. Chumba chao cha kulala kilikuwa cha Aprili, matope yakiwafika magotini, Caren ana mimba ya binti yao Apiyo na bado anabeba maji ya kuchanganyia simiti. Jiko lilikuwa la Desemba, mwaka ambao hawakununua nguo za Krismasi, wakanunua mabati. Miaka tisa. Siku walipolala humo mara ya kwanza hapakuwa na madirisha, na Zadock alilala amevaa viatu kwa kuogopa nyoka. Caren alimcheka hadi machozi yakamtoka.

Nyumba hiyo waliiweka rehani miaka minne iliyopita. Zadock alikuwa amestaafu, na moyo wake ulikuwa umerudi kwao Sori, ziwani. Vijana wa huko walikuwa wakifuga samaki aina ya ngege kwenye vizimba vya nyavu majini, na wengine walikuwa wameshanunua magari. Alichukua mkopo kwa hati ya ploti, Caren akatia sahihi, wakaweka vizimba sita. Mavuno ya kwanza yalikuwa mazuri. Kabla ya mavuno ya pili, maji yalibadilika rangi kwa siku mbili, na asubuhi ya tatu samaki wote walikuwa wameelea, matumbo juu. Zadock alisimama ufukweni tangu alfajiri hadi adhuhuri. Aliporudi nyumbani alikuwa ananuka samaki waliooza, na kwa muda mrefu hakutaka hata dagaa wa omena mezani.

"Tuiuze wenyewe kabla dalali hajaiuza," alisema sasa. "Hii ni nyumba tu, Nyar Rangwe. Dala letu, boma la ukoo, liko Sori. Nina ardhi ya baba, naweza kujenga."

Alimwita hivyo, binti wa Rangwe, tangu siku za uchumba, na kwa kawaida Caren hulainika akilisikia jina hilo. Siku hiyo hakulainika.

"Jenga dala lako Sori, sitakuzuia. Lakini hapa sitoki kwa kukimbia. Nimebeba maji ya hizi kuta kwa kichwa."

Jumatatu alienda benki na barua zote tatu, pamoja na karatasi za ile kadi. Afisa wa mikopo alikuwa mwanamke kijana aitwaye Nyarangi, wa rika la Apiyo. Alizisoma taratibu, moja baada ya nyingine.

"Mwalimu, mbona hukuja barua ya kwanza ilipofika?"

"Sikuiona."

Nyarangi hakuuliza zaidi. "Kwanza, acha kulipa deni kwa deni. Hii kadi tuifunge leo, kilichobaki tukigawanye ulipe kidogo kidogo kwa mshahara. Kuhusu nyumba, ukileta nusu ya malimbikizo kabla ya mwisho wa mwezi, na unionyeshe pesa mpya itakayoingia kila mwezi, nitawaombea mnada usimamishwe. Siahidi. Nitaomba."

Kadi ilikatwa kwa makasi mbele yake. Pesa mpya hakujua ingetoka wapi.

Ilitoka kwa Abdirahim, mfanyabiashara wa magodoro sokoni. Caren alikuwa mteja wake wa miaka mingi, na siku hiyo alipita dukani kumlipa kiasi alichobakiza. Abdirahim alikuwa akilalamika kwamba mkewe na watoto wanahama kutoka Garissa, na vyumba vya mjini ni vidogo, havina ua.

"Ungetaka nyumba ya namna gani?" Caren akamuuliza.

"Kama yako, mwalimu," akajibu kwa mzaha.

Caren hakufanya mzaha. Wiki hiyo hiyo Abdirahim alilipa kodi ya miezi sita kwa mkupuo, na ng'ombe wawili wa Zadock wakauzwa mnadani Kehancha. Nusu ya malimbikizo ikatimia siku nne kabla ya mwezi kwisha. Mnada ukasimamishwa. Caren na Zadock wakahamia kwenye vyumba viwili vya uani, kimoja kilichokuwa stoo na kingine cha kuku.

Miezi ya kwanza ilikuwa migumu. Alizisikia sauti za watoto wa watu katika vyumba vyake, milango yake ikibamizwa. Harufu ya ubani ilitoka kwenye dirisha lake la jikoni. Akifika kutoka shuleni, mguu wake ulijipeleka wenyewe mlango wa mbele, kisha akakumbuka na kuzunguka nyuma.

Siku moja Asli, mke wa Abdirahim, alimkaribisha ndani. Caren aliketi kwenye mkeka sebuleni kwake mwenyewe, akapewa chai ya iliki.

"Mama, hili dirisha mbona limeinama?" Asli akauliza.

"Mzee alibishana na fundi. Fundi akakasirika akaenda zake, mzee akalimalizia mwenyewe."

Asli alicheka sana, akajaza kikombe. Akataka kujua zaidi, na Caren akamwambia habari za Magunga, mabati ya Krismasi, viatu vya kulalia. Hakuwahi kumsimulia mtu hayo yote kwa mpigo. Alipotoka jua lilikuwa limezama, na Zadock alikuwa amejipikia ugali.

Walikaa uani miaka mitatu na miezi mitano. Deni la kadi liliisha kwanza, kisha la nyumba. Nyarangi alimkabidhi Caren hati ndani ya bahasha ya kaki, na Caren akaikumbatia hadi nyumbani. Abdirahim alikuwa amekwisha kujenga kwake ng'ambo ya daraja, wakahama bila ugomvi.

Waliporudi ndani, vyumba vilikuwa vikubwa na kimya. Zadock alitaka kupaka rangi upya kuta za kijani alizoacha Abdirahim. Caren akamwambia aache kwanza.

Jumapili ya pili Asli alikuja kuwatembelea na wanawe. Watoto hawakungoja kukaribishwa. Walipita sebuleni mbio, wakaingia chumba cha Aprili wakaruka juu ya kitanda. Zadock akainuka kuwakemea.

"Waache, Zadock," Caren akasema, akienda kutia maji ya chai. "Wako kwao."