Mto Ulioandikwa Sifuri

Ko, ko, ko-ko-ko. Gogo la lali, ngoma ya kuitia watu kanisani, liligongwa ng'ambo ya mto, haraka, bila mpangilio, na Taraivini akakiacha kikombe chake njiani kwenda mdomoni. Jumanne asubuhi lali haigongwi ila kwa maafa. Na king'ora walichokifunga yeye na wenzake wa ofisi ya tahadhari juu ya paa la kanisa, kile cha kuonya mafuriko, kilikuwa kimya.

Hakufa mtu. Mzee Osea, mtunza kipimo cha mto, aliona maji yanapanda ngazi za kanisa, akagonga gogo mpaka viganja vikachubuka. Mashamba ya magimbi yote yalikwenda baharini.

Siku mbili baadaye, Taraivini aliletewa ripoti ya ofisi aitie sahihi. Chanzo cha king'ora kutolia: uzembe wa Osea, hakusafisha kipimo. Miaka ishirini na sita ya kazi, na sasa afukuzwe kwa aya moja.

Hakutia sahihi. Alifungua kumbukumbu za programu. Saa kumi alfajiri mpaka saa moja, kina cha mto: sifuri. Sifuri. Sifuri. Akafuata nyuzi nyuma hadi kwenye kipimo chenyewe, akakuta kilipozama kilijibu kwa uaminifu: hapana, sina namba. Lakini lugha waliyoandikia programu ina tabia ya kutomkatalia mtu. Ukiipa "hapana" mahali pa namba, inaigeuza sifuri na kuendelea na safari. Dawa yake ni mstari mmoja juu ya faili: kagua kwa ukali, kisicho namba kikija, simama. Na programu ikisimama, simu ya mlinzi wa zamu inalia.

Mstari huo aliuandika yeye mwenyewe mwezi wa kwanza. Haukuwapo. Pembeni ya alama ya kufutwa palikuwa na jina la mkuu wake, Maikeli, na neno moja: "Unasumbua."

"Bosi, mstari wangu wa ukaguzi uko wapi?"

"Ule mnoko?" Maikeli alikuwa pia binamu yake, na utani ndio ulikuwa ngao yake. "Kila mvua ikinyesha simu inalia. Programu ina kisirani kama shangazi yako."

"Shangazi yangu ni mama yako."

Maikeli akacheka peke yake.

"Kipimo kilisema hakijui," Taraivini akasema. "Sisi tukaandika mto umekauka. Leo mzembe ni Osea?"

"Punguza moto, binamu. Yaqona hii hapa, nimenunua fungu zuri. Kesho tunakwenda kijijini, tunakaa chini, tunaomba radhi. Yanaisha."

"Radhi kwa kosa la nani?"

Maikeli akatazama dirishani. "La mtunza kipimo. Ni mtu wetu, lazima tumwombee."

Damu ilimpanda Taraivini mpaka masikioni. Yaqona, mizizi ya heshima ya kuwekwa mbele ya wazee mtu akiomba radhi, leo wanataka kumzikia nayo mtu aliye hai. Akarudi mezani, akaurudisha mstari, akailisha programu "hapana" moja tu. Programu ikasimama. Ukutani, simu ya mlinzi ikalia, ikalia, na ofisi nzima ikageuka.

"Mwache mnoko wako alie," alimwambia Maikeli. "Ndiye pekee humu anayesema ukweli."

Akalichukua fungu la yaqona, akavuka daraja.

Osea alikuwa akikwangua tope kwenye gogo la lali. Taraivini akaketi chini, akaliweka fungu mbele yake, akaungama yote, mpaka kosa lake mwenyewe: tangu mwezi wa kwanza hakurudi kukagua kama mstari upo.

Mzee aliligusa fungu kwa kiganja kilichofungwa kitambaa. Ndiyo ishara ya kuipokea radhi.

"Lakini huko kwenu wameshaandika mzembe ni mimi, binti yangu."

"Mjomba, ripoti ile haitoki na jina lako. Itatoka na la Maikeli aliyefuta na langu mimi niliyeacha kukagua, na nitaisoma mwenyewe kanisani Jumapili, mbele ya watu wote. Nakuahidi."