Vidole vya Fundi Makochi

Muuza juisi alikuwa akikamua machungwa mbele ya nyumba yake, na mumewe ameketi kando kwenye stuli, mikono yote miwili imekumbatia chupa. Hakuwa anamsaidia kukamua. Alikuwa anazipoza. Friji walikuwa nalo, lakini walishalizima zamani na sasa linatunza viatu.

Mume alikuwa fundi makochi. Alipougua, daktari alimwambia kwamba dawa zitamponya lakini zitamkausha uzazi, kwa hiyo kama bado anataka mtoto, akaweke mbegu zake kliniki zigandishwe kabla hajaanza kutibiwa. Fundi akaenda. Mbegu zikagawanywa kwenye vijirija kumi, mirija myembamba kama ya juisi, vikazamishwa ndani ya pipa la baridi, naye akarudi nyumbani vidole vyote kumi ni barafu. Kushona alishona kama kawaida, na nyundo aliishika. Mkewe alinung'unika usiku wa kwanza tu, akamwambia mikono yake alale nayo upande wake huko. Kulipokucha akamkabidhi chupa.

Biashara ikachangamka. Jua likikaza, wateja wengine waliomba fundi awaguse paji la uso, na waliguswa. Mama mkwe, ambaye hajawahi kuacha kitu kiharibike, alikuwa akipita na kifurushi cha nyama na kumwambia mwanawe amshikie mpaka arudi kutoka sokoni.

Waliambiwa wangoje fundi apate nguvu ndipo waende kutafuta mtoto. Wakangoja. Siku moja, akigongelea misumari kwenye kochi la mteja, kidole gumba cha kushoto kikapata joto. Alimwarifu mkewe kwa sauti ileile anayosemea kwamba gundi imekwisha. Mkewe akakishika, akakigeuza, akamuuliza kama ameenda kliniki kwa siri. Hakuwa ameenda. Baada ya muda kikafuata cha shahada, kisha cha kati, na chupa zikaanza kupoa upande mmoja.

"Mume wangu," muuza juisi akasema, "unayeyuka, na mimi sijaitwa."

Mama mkwe alikuwa anachambua mboga. Alisema basi mwanawe anazaa mji mzima, na hapa nyumbani hakuna hata wa kumtuma chumvi.

Walipofunga safari kwenda kliniki, kilikuwa kimebaki kidole kidogo cha mkono wa kulia.

Muuguzi wa pipa alikuwa mwanamke mpole mwenye glavu nene mpaka kwenye viwiko. Aliwaeleza utaratibu. Mwanamume aliyejiwekea mwenyewe, kijirija chake hufungwa uzi wa buluu. Vya wafadhili, wale wanaotoa mbegu apewe mwanamke yeyote mwenye shida, hufungwa uzi mweupe. Akafunua pipa, mvuke ukapanda, akachungulia. Buluu haikuwemo. Ulikuwemo mweupe, na ulikuwemo mweupe wa kupauka, kama sare ya shule iliyorithiwa na watoto watatu.

Muuza juisi alisema huo uliopauka ulikuwa buluu, umechuja. Muuguzi akakubali kwamba uzi ule huchuja, na ndiyo sababu hununua mwingine kila mwaka.

Akaitwa daktari. Fundi akanyoosha mikono, akaeleza. Daktari alivigusa vidole kimoja kimoja kwa heshima zote, akakiri kwamba cha mwisho ni baridi kweli. Lakini kliniki, alisema, haiendeshwi kwa vidole. Uzi mweupe ni wa mfadhili. Wa buluu haupo, kwa hiyo fundi hana akiba. Aliwapa pole, akawaambia wasivunjike moyo, wafadhili wapo wa kila aina, hata mmoja mrefu sana.

"Huyo mrefu ni mtoto wa nani?" akauliza muuza juisi.

"Hatumjui, mama. Ndiyo ufadhili wenyewe."

Wakakaa kwenye benchi la korido. Fundi akasema alijiwekea mwenyewe kusudi asije akaangalia uso wa mwanawe na kukuta mgeni. Akasema pia kwamba kama mkewe anataka, achukue huyo mrefu, yeye atalea, na kitanda atakiunda kirefu.

Mkewe akamshika kile kidole kidogo, akamwinua, wakarudi kwenye pipa. Daktari alikuwa ameenda kula. Muuza juisi akamwambia muuguzi kwamba wamekubali mfadhili, ila yeye angependa mwenye uzi wa kupauka. Muuguzi hakuona ubaya. Kwake uzi ni uzi.

Akainua kijirija cha kwanza kidogo tu, kisitoke kwenye mvuke.

"Bado," akasema fundi.

Akakizamisha, akainua kingine.

"Bado."

Akainua cha tatu. Fundi akavuta mkono kama mtu aliyegusa sufuria ya moto.

"Huyo," akasema.

Muuza juisi akauliza wale wawili wa mwanzo ni wa nani. Muuguzi alikuwa ameshavirudisha palepale, katikati ya vyeupe.

"Hao hawajalalamikia vidole, dada," akasema.

Alizaliwa mtoto wa kike, mikono baridi kama kopo la maji asubuhi. Cheti cha kliniki kilisema baba ni mfadhili asiyejulikana. Muuguzi alikuja kumwona mzazi, akaleta sabuni na blanketi, akamwambia fundi kwamba wanaume wenye moyo wa kulea damu ya mwenzao ni wachache. Fundi akamshukuru. Mama mkwe alimfunua mtoto, akamkagua masikio na nyayo, akasema huyo mfadhili hana adabu, kachukua pua yake yeye bibi mtu bila kuomba.

Siku hizi anayepoza chupa ni binti, akitoka shule. Huja na wenzake, na wapo baadhi wanaotaka juisi ya motomoto iliyokaa juani, maana wakiishika wenyewe hupoa kabla hawajafika njia panda. Muuza juisi huwatengea pembeni. Kliniki imeshanunua uzi mwingine wa buluu, duka lilelile, na juzi muuguzi alipita nao mkononi akiulizia juisi ya embe.

Watoto wale wakichukua chupa zao humsalimu fundi kwanza, kama walivyofundishwa kumsalimu kila mtu mzima.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, wanangu," huitikia fundi, na hugonga msumari mwingine.