Kipumulio cha Ormerod

Kama hujawahi kufungiwa chumba kimoja na wanaume kumi na mmoja wanaobishania rangi ya mlango wa choo cha behewa, mshukuru Mungu wako. Mimi nimekaa nao miaka ishirini na miwili, kila Alhamisi, kwenye ukumbi wa kanisa la Wamethodisti hapa Ramsclough, na choo chenyewe hata sisimizi hawezi kuchutama humo. Naitwa Cliff Tattersall. Ni mmoja wa wajinga hao, kwa hiyo nikiwatukana najitukana.

Kazi yetu ni hii. Unanunua behewa la plastiki dukani, urefu wake shubiri na ushee. Mtu mwenye akili zake angeliweka relini, likazunguka, akafurahi, akaenda kulala. Sisi tunalikata kwa msumeno. Tunang'oa ubavu wa plastiki tunatia wa shaba, tunabadilisha magurudumu, tunapachika mabomba membamba kama unywele, tunatia viti na mapazia, mpaka liwe behewa jingine kabisa, lenye namba yake, kama lilivyokuwa siku fulani. Siku yetu sisi ni Jumamosi, tarehe 14 Juni 1958. Stesheni ya Ramsclough siku hizi ni duka la mazulia, lakini tumeijenga upya juu ya meza ndefu, saa ya ukutani inaning'inia juu yake, na treni zetu zinapita kwa ratiba ya siku ile ile. Kisichokuwepo siku ile hakikanyagi. Mwaka fulani mtu aliweka mbwa mdogo jukwaani. Neville akauliza, "Ushahidi wa mbwa uko wapi?" Mbwa akaondolewa.

Neville Ormerod ndiye mwenyekiti wetu. Alikuwa mwalimu wa hesabu, na alipostaafu wanafunzi wakapumua, tukapata taabu sisi. Ana picha moja anayoitunza kama hirizi. Ni behewa namba 2417, limeegeshwa pembeni mwa stesheni yetu siku hiyo ya Juni. Neville alipima vivuli kwenye picha, akapiga hesabu kurasa mbili, akathibitisha kuwa ilipigwa saa nne na dakika arobaini asubuhi. Halafu akachukua lenzi, akaona kitu juu ya paa, upande wa chooni. Kitu cha mviringo, kimesimama wima, kina kitanzi cha waya juu na alama nyeupe ubavuni. Hakimo kwenye mchoro wowote wa kiwanda. Loo! Mtu hakulala. Akaandika makala ya kurasa nne kwenye jarida letu kueleza kuwa ni tundu la kutolea hewa chafu, la majaribio, lenye kimo cha inchi sita na nusu na upana wa inchi nne na robo, kwamba kitanzi ni cha kukinyanyulia, na alama nyeupe bila shaka ni namba ya kiwanda. Akakipa jina mwenyewe: Kipumulio cha Ormerod. Mtu mwenye haya angesubiri afe ndipo wenzake wakipe jina lake.

Tangu hapo behewa lolote la aina ile halipiti kwetu bila kipumulio. Vinatengenezwa vya shaba, kimoja kidogo kuliko punje ya mtama. Mimi nimegandisha kumi na vinne kwa mikono yangu hii. Cha kumi na tano kilinigandia kidoleni, nikaenda nacho mpaka kwenye mazishi ya shemeji.

Sasa, kwenye chama chetu alikuwepo mzee mmoja, Wilf Entwistle. Huyu alikuwa fundi rangi kwenye karakana ya mabehewa, hapa hapa Ramsclough, toka ujana wake mpaka ilipofungwa. Alijiunga nasi akiwa ameshastaafu. Alhamisi yake ya kwanza Neville alimwonyesha ile picha na kile kipumulio. Wilf akaitazama kwa muda mrefu, akasema polepole, "Mimi sikumbuki behewa lile kuwa na tundu hapo."

"Wilf, bwana," Neville akamwambia, kwa sauti yake ile ya darasani, "kumbukumbu si ushahidi. Ushahidi ni picha."

Wilf akatabasamu. Akaenda kusaidia kupanga meza, na kwa miaka kumi na tisa iliyofuata ikawa ndiyo kazi yake, kupanga meza na kukaa kwenye kiti cha karibu na mlango. Tulikuwa na makala, michoro na vitabu vizito vya kuvunja mguu wa mtu. Yeye alikuwa fundi rangi tu.

Alikufa Januari. Aliacha behewa moja alilolifanyia kazi miaka mitatu, na Alhamisi kabla ya maonyesho yetu ya Oktoba mjane wake, Bi Edna, alilileta ukumbini kwenye boksi la viatu. Lilikuwa 2417. Wilf alikuwa ameunganisha mabehewa mawili ya bei poa, na rangi yake ya damu ya mzee ilikuwa na kina hata ukadhani ukiligusa litakuwa na joto. Ule mstari wa njano ubavuni aliupiga kwa mkono, kwa brashi ya nywele tatu. Nilitazama nikaona wivu, sisemi uongo.

"Mwisho wa mwezi nahamia Norwich kwa binti yangu," Bi Edna alisema. "Sirudi tena huku, miguu haitaki. Nataka nilione likipita stesheni mara moja. Basi."

Neville akainama na lenzi. Akalizungusha, akaguna. "Kazi safi," akasema. "Safi sana. Lakini halina kipumulio."

"Wilf hakuwa mtu wa kusahau kitu."

"Wote tunasahau, Edna." Akampa bahasha ndogo. "Humo mna kimoja. Ukikigandisha, Jumamosi linapita. Bila hicho, samahani, taratibu ni taratibu. Nikimruhusu mmoja nitamkatazaje mwingine?"

Tulikuwa watu kumi na mmoja pale. Kila mmoja aliona jambo muhimu sana kwenye ncha ya kiatu chake. Nami pia, laana ya Mungu.

Usiku ule nafsi ikanisuta. Kesho yake nikaenda nyumbani kwake na gundi mfukoni, nikitaka kumbembeleza. Aliniandalia chai na kipande cha keki ya tangawizi. Boksi la viatu lilikuwa mezani, na bahasha kando yake haijafunguliwa.

"Bi Edna, ni kidogo mno," nikamwambia. "Hutakiona hata ukikitafuta. Nagandisha, linapita, unakwenda Norwich na amani yako."

"Wewe Cliff, nimekuuliza kama kitaonekana? Miezi ya mwisho mikono ilikuwa inamtetemeka. Alikuwa akisubiri asubuhi, dakika ishirini tu ambazo mkono unatulia, ndipo anapiga ule mstari. Leo nimbandikie uchafu juu ya kichwa ati Neville apate usingizi?" Akaisukumia bahasha mbali. Halafu akasema, "Hebu nionyeshe hicho kitu. Miaka yote alikuwa akirudi Alhamisi anacheka peke yake jikoni. Nikimuuliza, ananiambia, 'Hutaamini, Edna.'"

Nilikuwa na jarida. Nikafungua kurasa za Neville, nikampa lenzi. Akainamia picha. Nikahesabu mpaka thelathini. Kisha mabega yakaanza kutikisika, nikadhani analia, nikatafuta leso. Kumbe bibi anacheka! Alicheka mpaka akashika ukingo wa meza, machozi yanamtoka.

"Rudisha gundi yako mfukoni," akasema alipopata pumzi. "Kesho njoo unibebee mkoba. Saa nne kasorobo, usichelewe."

Nikamsihi aniambie. Wapi! Akanimiminia chai nyingine akaanza kunisimulia habari za Norwich.

Jumamosi mvua ilinyesha kama kawaida ya maonyesho yetu, na ukumbi ukajaa watu waliokuja kujikinga. Saa nne na dakika ishirini tuliingia, mimi na mkoba, Bi Edna na boksi lake. Neville alikuwa nyuma ya meza ya reli, tai shingoni, na 2417 yake mwenyewe imeegeshwa pembeni mwa stesheni, kipumulio kinang'aa juu.

"Umekigandisha, Edna?"

"Hapana, baba. Nimekuletea kikubwa." Akaingiza mkono mkobani, akatoa mkebe wa chai. Ile mikebe ya enameli waliyokuwa wakienda nayo kazini wazee wetu, yenye kifuniko kinachotumika kama kikombe na kishikio cha waya juu. Ubavuni ulikuwa umepakwa herufi mbili nyeupe, nzuri kama za tangazo: W.E. Akauweka mezani, katikati ya stesheni, ukawazidi urefu abiria wote.

"Huu ni nini?" Neville akauliza.

"Si wewe ndiye mtaalamu? Pima."

Sasa mjue Neville. Angeweza kukataa. Angeweza kusema ana shughuli. Lakini mweke Neville karibu na kitu ambacho hakijapimwa na atatokwa na jasho. Mkono ukaenda wenyewe mfukoni, ukatoka na rula ya chuma. Akapima kimo. Akapima upana. Akapima tena, taratibu. Watu waliokuja kukwepa mvua wakaanza kusogea.

"Sema kwa sauti, baba, nyuma hawasikii."

"Inchi sita na nusu," Neville akasema. "Nne na robo."

"Siku ile Wilf alikuwa anarekebisha rangi ya ubavu, ameegemeza ngazi," Bi Edna akasema. "Mkebe wake akaupachika juu ya paa usipigwe teke. Mpiga picha akaja, msimamizi akawafukuza wote watoke mbele. Wilf akashuka mbio, chai ikabaki juu. Alinisimulia kabla hatujaoana, maana msimamizi alimtukana mpaka mama yake. Sikujua kuwa mmeupachika kwenye mabehewa yenu yote."

Hakuna aliyecheka. Ningependa kusema tulicheka. Nilikuwa nahesabu kichwani mikebe yangu ya chai kumi na minne, nikaona mwenzangu wa kando naye midomo inamcheza, anahesabu yake. Halafu mtoto mmoja wa mgeni akauliza kwa nini treni zote zimebeba chai juu, na babake akamziba mdomo.

Mtu mwingine angeomba radhi hapo. Neville alikuwa anafikiri. Nikaona uso unapata rangi, nikajua Mungu wangu, amepata hoja.

"Lakini Edna," akasema, "saa nne na dakika arobaini ulikuwepo pale juu. Picha inaonyesha. Kwa hiyo kwa usahihi, 2417 bado inapaswa kuwa na... na mkebe."

Ebo! Nilitamani kumtia kichwa kwenye ndoo. Nikafungua mdomo, kwa mara ya kwanza katika miaka ishirini na miwili, lakini Bi Edna akaninyamazisha kwa kiganja.

"Na karakana ilikuwa inakunywa chai saa ngapi?"

"Saa tano," Neville akajibu haraka. Hayo anayajua, king'ora cha saa tano kimo kwenye ratiba yetu.

"Basi fikiria mwenyewe. Kijana wa miaka ishirini, yuko juani toka saa moja, king'ora kimelia. Chai yake iko wapi?"

Neville akatazama paa. Akatazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa nne na dakika hamsini na moja.

"Kuanzia saa tano," akasema polepole, "halina kitu juu."

"Ahaa."

Tukasubiri. Sijui kama mnaweza kuelewa, watu wazima sitini wamesimama kimya ndani ya ukumbi wa kanisa wanasubiri mshale wa saa. Bi Edna alisimama wima, boksi limefunguliwa. Saa tano kamili kengele yetu ndogo ya king'ora ikalia, Neville akainua 2417 yake kutoka relini kwa mikono miwili, akaiweka kando, akampisha. Bi Edna akaliweka behewa la Wilf. Vidole vyake vikatafuta reli, gurudumu moja moja, hakuna aliyethubutu kumsaidia. Treni ya saa tano na dakika nne ikaondoka nalo. Ikapita darajani, ikapita mbele ya jukwaa, ule mstari wa njano ukapita wote bila kutikisika hata mahali pamoja. Bi Edna akaufuata kwa macho mpaka ukazama kwenye handaki, akainamisha kichwa mara moja, kama mtu aliyepokea salamu.

Akaanza kurudisha mkebe mkobani. Neville alikuwa ameshatoa daftari na penseli.

"Edna, samahani," akasema. "Huo mkebe. Mwaka 1958 rangi ya kifuniko ilikuwa hii hii? Na yale mabehewa mengine, Wilf aliwahi kusema ndani ya vyoo walipaka rangi gani? Maana vitabu vinapingana."

Bi Edna akafunga mkoba. Akaelekeza kidole kwenye kile kiti cha karibu na mlango, ambacho tulikuwa tumekirundikia makoti yetu yaliyolowa.

"Alikaa pale miaka kumi na tisa, Neville," akasema. "Ungemuuliza."