Donge la Mama Fumiko

Siku ya nne mfululizo Mama Fumiko alikigeuzia kijiko kisogo. Nzigire, aliyekuwa akienda kila asubuhi kumhudumia mzee huyo nyumbani kwa mzee, Louisville, Marekani, aliingiwa na hofu. Daktari alikwisha sema: asipokula hadi Ijumaa, atapelekwa hospitali akalishwe kwa mpira wa puani. Na mzee alishaapa kwamba hatoki nyumba ile akiwa hai.

"Mama, unatamani nini?" alimuuliza kwa Kiingereza chake cha kuungaunga.

Mzee alifikiri sana. Alitamani mochi, lile andazi laini la mchele unaonata, lakini liwe na nafaka ndogo ndogo, kama alivyopika mama yake huko Japani miaka ya njaa.

Nyumbani kwake Nzigire alikuwa na unga wa ulezi wa kupikia uji. Alhamisi alitafuta unga wa mchele unaonata, akauchanganya na ulezi, sukari na maji, akabandika sufuria. Maelezo kwenye simu yalisema akoroge polepole. Polepole ya nani? Unga ulipoanza kugoma, aliushika mwiko kwa mikono miwili, akausonga kama alivyofunzwa kusonga ugali kwao Bukavu, Kongo, mpaka donge likang'aa. Akalifunika lipoe, akaenda kuoga.

Aliporudi, mumewe Zihindula, aliyetoka kiwandani Jeffersontown na njaa yake yote, alikuwa mezani. Bakuli la samaki lilibaki miiba.

"Bon, leo bugali yako iko nyororo sana," alisema akilamba vidole. "Donc, uliweka sukari, lakini nimenyamaza juu ya amani."

"Papa, ile haikukuwa bugali. Ilikuwa chakula ya ule mama mugonjwa."

"Sasa juu ya nini uliiacha ku sufuria ya bugali?"

Swali lilikuwa la haki, na ndiyo maana lilimuuma zaidi. Lilikuwa limebaki donge kama ngumi ya mtoto, lenye alama za vidole. Nzigire akalia. Mama yake mzazi alifia Bukavu akikataa chakula, na yeye, mkimbizi kambini, hakuwahi kumlisha hata kijiko kimoja. Zihindula alinyanyuka, akanawa mikono mara mbili, akaketi kumsaidia kuviringisha vidonge vidogo kama maharage, ili mzee asipaliwe.

Ijumaa asubuhi Mama Fumiko aliweka kidonge kimoja kinywani. Alitafuna kwa muda mrefu, kisha akakunja uso.

"Kinanuka samaki."

Nzigire hakuwa na pa kujificha. Alimweleza yote: mume, sufuria, miiba. Mzee akaanza kucheka, mabega yakitikisika.

"Baba yangu naye aliimaliza mochi kabla ya sikukuu," alisema. "Mama alimkimbiza na mwiko uwanja mzima."

Akafungua kinywa tena. Alikula vidonge tisa, akapumzika, akaomba cha kumi.

"Kesho pika sufuria kubwa," alisema. "Na mumeo umbakishie."