Prosesa ya Vichwa Sita

Jumanne saa tano asubuhi Awiti alimaliza kumsuka mteja wake wa pili pale Kenyatta Market, akakung'uta nywele kwenye aproni, akamwachia jirani ufunguo wa kibanda na kushuka mjini na bintiye Ivyne kununua vifaa vya kompyuta. Ivyne alikuwa na miaka kumi na tisa na orodha mkononi: kasha, bodi, kadi ya picha, prosesa. Awiti aliishia darasa la saba. Alikuwa ameelezwa kwamba prosesa ndiyo kichwa cha mashine, vingine vyote ni mikono na miguu, akaona hilo latosha.

Kompyuta yenyewe ilikuwa ya michezo. Mzazi asicheke. Timu moja ya Westlands ilikuwa imemwona Ivyne akicheza mpira wa kompyuta kwenye saiba ya Kawangware, ikamwambia Jumamosi saa nane mchana watamjaribu kwa mtandao. Akipita, ataingia timu na kulipiwa chuo. Sharti lilikuwa moja: awe na mashine yake, si ile ya saiba inayozimwa dakika zako zikiisha. Awiti hakuwa amewahi kusikia mchezo unaolipa karo. Lakini alikuwa na mtoto aliyekaa nyumbani miaka miwili na barua ya chuo chini ya godoro.

Karibu na River Road kuna jengo ambalo maduka yake ni ya ukubwa wa kabati. Ghorofa ya tatu walimkuta Clifford, kijana msafi, amevaa saa mbili.

"Karibu, mathe. Nyinyi ni watu wa wapi?"

"Ugenya," Awiti alisema.

"Wacha! Sisi na nyinyi ni mto tu umetutenganisha. Basi umefika kwa mtoto wako. Siwezi kukuuzia kitu ya kuniaibisha nyumbani."

Akaweka vipakiti viwili mezani. "Hii ni prosesa ya vichwa vinne. Hii ni ya sita. Kazi ikikuja, hawa sita wanagawana. Ya vinne ni ya kuandika barua. Ukiiwekea mchezo itajikokota kama punda ya maji."

"Tunaweza kuiwasha kwanza tuone?" Ivyne aliuliza.

"Ukifungua nailoni umenunua, siz. Hii haijawahi kuguswa na mkono ya mtu."

Awiti aliipapasa nailoni. Ilikuwa imebana bila mkunjo. Katika kazi yake, pakiti ya nywele ambayo nailoni imelegea ni pakiti iliyokwisha kufunguliwa, nywele zikavaliwa, zikaoshwa, zikarudishwa. Hii haikulegea. Tena kwao, chakula cha mtu wa nyumbani hakinuswi kabla ya kuliwa.

"Usimwaibishe ndugu yako," alimwambia Ivyne kwa Kijaluo. Akachukua ya vichwa sita.

Ivyne aliiunga mashine siku mbili, akitazama video kwenye simu na kuinua kila skrubu kama yai. Alhamisi saa tatu asubuhi aliiwasha. Feni ilizunguka, kioo kikaangaza. Kasha lilikuwa na tundu nyuma la kutolea joto, na hapo ndipo watoto walipotokea, mmoja mmoja, wakigeuka ubavu ili mabega yapite.

Walikuwa sita. Sweta zao zilikuwa za kijani, zimetoboka viwiko, na miguu yao ilikuwa na vumbi jekundu. Walienda kulikung'uta mlangoni, kwa kuwa walikuwa wamelelewa vizuri, ingawa hawakuingilia mlangoni. Kisha wakakaa kwenye mkeka kwa mstari. Awiti aliongeza maji kwenye sufuria ya chai.

"Mwalimu," msichana mkubwa alimwuliza Ivyne, "imepona?"

"Nini imepona?"

"Kompyuta."

Jina lake lilikuwa Nereah. Alieleza wakinywa chai. Walikuwa wa darasa la sita katika shule moja ya msingi upande wa ziwa, na wakati huohuo walikuwa huko darasani wamekaa. Sehemu yao iliyotaka kujifunza ndiyo iliyokuja. Shule ilipewa kompyuta arobaini na wafadhili. Walizitumia muhula mmoja. Waliporudi kutoka likizo ya Aprili hakuna hata moja iliyowaka. Mwalimu mkuu akatangaza kwenye gwaride kwamba zimeuawa na mikono michafu ya darasa la sita. Kila mmoja alipigwa viboko vinne, na kila mzazi akaleta kuku wa fidia.

"Mimi nilikuwa nanawa," alisema mdogo wao, Lazarus. "Hata kucha."

Awiti alizitazama kucha zake. Zilikuwa zimekatwa hadi kwenye nyama.

Adhuhuri Ivyne aliufungua mchezo ili aijaribu mashine. Watoto waliinuka bila kuambiwa, wakalizunguka kasha, wakaanza kupiga hesabu kwa sauti. Wachezaji ishirini na wawili walipoingia uwanjani, hesabu ikaenda mbio. Mashabiki walipojaa majukwaani, watoto walilowa jasho, na Lazarus akatokwa na damu puani bila kukosea jawabu. Mpira ulikwenda laini kama mafuta. Ivyne alitoa mikono kwenye vitufe. Watoto wakakaa, wakihema.

"Mami, mashine iko sawa kabisa," alisema. "Lakini ni hawa wanabeba."

Ijumaa asubuhi Ivyne aliichomoa prosesa, Awiti akaifunga kwenye leso kwenda kuirudisha. Watoto waliifuata leso. Kwenye matatu kondakta aliwakalisha wawili wawili, na barabara ya Tom Mboya walivuka wameshikana sweta, Awiti mbele na leso kifuani, mpaka ghorofa ya tatu.

Clifford aliwatazama, akamtazama Awiti. "Mathe, nilikuuzia vichwa sita. Hesabu."

Awiti alihesabu. Walikuwa sita.

"Sasa unalia nini? Kuna watu hapa wanalipia sita wanapata wanne."

"Uliniambia ni mpya."

"Kwako si ni mpya? Ama ulikuwa nayo?" Alionyesha kibandiko ukutani kilichosema bidhaa ikiuzwa hairudi. "Na hawa ni watoto wa nyumbani. Mtoto wa nyumbani ni wa kulishwa, si wa kurudishwa duka."

Wauzaji wa maduka ya jirani walicheka. Watoto nao walicheka kidogo, kwa adabu, kwa kuwa mtu mzima alikuwa ametania.

Mwisho wa ukumbi palikuwa na fundi mzee wa Lamu aitwaye Taib. Alimwita Awiti, akaishika prosesa kwa koleo, akaitia kwenye lenzi.

"Mamangu, hii imefutwa kwa spiriti. Tazama pembeni, masalio ya dawa ya joto, ile inayopakwa chini ya feni, hayajatoka. Imefanya kazi miezi mitatu, haipungui."

"Na nailoni?"

"Hubanishwa kwa draya ya nywele, pale nyuma ya ngazi. Ukiipuliza hujikaza yenyewe."

Awiti alikuwa na draya kama hiyo kibandani, ya miaka tisa. Alikuwa ameishika kila siku ya Mungu.

"Za shule hatuzikosei," Taib aliendelea. "Huja wakati wa likizo, ndani ya magunia ya mahindi. Makasha hubaki kule kule shuleni ili hesabu isiharibike."

"Na mnajua, na mnanyamaza?"

"Mimi nilisema. Wakati huo duka langu lilikuwa chini, mlangoni kabisa. Sasa tazama nilipo." Akawatazama wale watoto, akatoa peremende kwenye droo, sita. "Hawa ni wapole. Wiki jana walipita hapa wengine wanalia kwa Kipokomo."

Kituoni, polisi wa zamu aliuliza nani mlalamishi. Awiti akasema ni watoto. Polisi akasema mtoto hawezi kulalamika bila mzazi. Awiti akasema basi ni yeye. Polisi akasema yeye hakuibiwa kitu, amenunua kitu, na kilichonunuliwa anacho mkononi. Shule ndiyo iliyoibiwa. Je, shule imeripoti? Mwalimu mkuu na aje na barua. Akafunga kitabu kabla hajaandika neno, akamwambia Lazarus asiegemee ukuta, umepakwa rangi juzi.

Nereah aliijua namba ya mwalimu mkuu kwa moyo, kwa kuwa ilikuwa imeandikwa juu ya lango la shule. Awiti alimpigia akiwa amesimama nje ya kituo.

"Kompyuta zetu zote zipo," mwalimu mkuu alisema kwa sauti ya mtu aliyeshiba. "Arobaini. Nazihesabu kila mwisho wa mwezi. Chumba kina kufuli mbili na ufunguo ninao mimi."

"Ziwashe, mwalimu."

"Zitawashwa vipi, na watoto waliziharibu? Wewe ni nani? Na ni akina nani hao wamekuambia mambo ya shule yangu? Nipe majina."

Awiti alikata simu. Mtu akikuomba majina ya watoto kabla ya kukuuliza wamekula, umeshamjua.

Jioni hiyo nyumbani hapakuwa na ugomvi. Ivyne aliirudisha prosesa mahali pake. Awiti alisonga ugali wa watu wanane. Alikuwa na hasira, na zaidi ya yote alijikasirikia mwenyewe, kwa sababu ndani ya ile hasira alijikuta anajiuliza kama watoto wangestahimili saa mbili nzima za jaribio la Jumamosi.

Nereah ndiye aliyesema. "Mwalimu, sisi tutahesabu. Kule tunachora vitufe kwenye daftari. Hapa angalau vinalia."

"Na damu ya huyu?" Ivyne aliuliza.

"Ataangalia juu," alisema Nereah.

"Nitaangalia juu," alisema Lazarus.

Jumamosi saa nane kamili timu ya Westlands ilifungua mchezo. Watoto walilizunguka kasha. Awiti alikaa kitandani na beseni la maji baridi na vitambaa. Hesabu ilipaa, jasho likawatiririka, na Ivyne alicheza kama hajawahi kucheza. Nusu ya kwanza aliongoza mabao mawili. Sauti ya kocha kwenye spika ilisema, "Huyu dada ako moto, mpatieni fomu."

Zilibaki dakika sita. Nereah alinyoosha mkono.

Alisimama hivyohivyo akiendelea kuhesabu, mkono juu, kama anavyosimama mtoto aliyefundishwa kwamba haruhusiwi kukatiza. Ivyne aliuona kwa pembeni ya jicho. Mpira ulikuwa miguuni mwake. Alishusha mikono.

"Sema, Nereah."

"Ile siku ya kwanza tulibonyeza hiki kirefu hapa chini. Wote tulikibonyeza. Ndicho kiliiua?"

Ivyne aligeuza kiti. Alimwonyesha kile kitufe kirefu, akambonyezesha mara moja, mara kumi. Akawaita wengine watano, kila mmoja akakibonyeza kwa zamu. Akawaonyesha kwamba huo ni mwanya tu kati ya neno na neno, na hakuna mashine iliyowahi kufa kwa mwanya. Ilichukua dakika tisa. Nyuma yake timu ya Westlands ilifunga mabao matatu, ikamwita jina mara mbili, ikaondoka. Lazarus alikibonyeza mara ya pili kinyume cha zamu, na hakuna aliyemkataza.

"Kwa hivyo si sisi," Nereah alisema.

"Si nyinyi," alisema Awiti kutoka kitandani.

Ivyne alipiga simu Westlands jioni, na tena Jumapili. Nafasi ilikuwa imeshapewa mwingine.

Kila usiku watoto walirudi kwao kupitia lile tundu la joto; Jumatatu walikuja tena saa mbili asubuhi. Nereah hakuweza kukunja vidole vya mkono wa kulia. Waliokuwa kule darasani walikuwa wamesinzia Jumamosi kutwa kwenye masomo ya ziada, alisema, na mwalimu mkuu alikuwa amepita na fimbo. Awiti alimpaka mafuta ya mgando kiganjani, akamfunga kitambaa. Kisha Nereah akatoa habari njema: mwalimu mkuu amewatangazia kwamba wafadhili wamekubali tena, na Julai zinakuja kompyuta mpya arobaini, za nguvu zaidi kuliko zile. Darasa zima lilipiga makofi. Ivyne alimkalisha mbele na kumfundisha kuandika kwa mkono wa kushoto.

Jumatano Awiti alishuka River Road kununua nyuzi za kusukia. Mlangoni mwa lile jengo palikuwa na tangazo jipya, limechapwa vizuri, na namba ya simu ya Clifford chini yake: mzigo mpya waingia Agosti, prosesa za vichwa vinane, weka oda mapema. Watu watatu walikuwa wakiinakili namba. Awiti aliwaambia anachokijua, wakamsikiliza mpaka mwisho, na mmoja akamwuliza kama vichwa vinane hula sana. Awiti alinunua penseli sita kwa mchuuzi wa pale nje, akageuka kurudi nyumbani awahi kipindi cha Ivyne na watoto cha saa nane.