Unga wa Mifupa kwenye Uji wa Pipi

Tangu asubuhi Sally hakuwa ametulia. Alichuma chai nusu kikapu, akakiacha kikapu katikati ya mistari, akakimbia nyumbani kumwangalia Pipi. Akatoka tena, hata mlango wa shamba hakufika, akarudi. Pipi alikuwa na watoto wanne wa siku tisa, wamelazwa kwenye katoni kando ya jiko, na leo alikuwa amewaacha walie. Alizunguka jikoni, akanusa ukuta, akasimama akihema ulimi nje, akazunguka tena.

"Kaa chini wewe!" Sally alimfokea. "Watoto wanalia, unatafuta nini kwa ukuta?"

Alimfokea kwa sababu aliogopa. Pipi, kijibwa cheupe cha kizungu, kilo tatu tu na manyoya yake yote, hakuwa mbwa wake. Alikuwa wa Bilhah, mke wa mwanawe Isaiah. Bilhah alikuwa ameenda kwao Keroka kumuuguza mama yake aliyevunjika nyonga, na Isaiah anaendesha lori la kiwanda cha chai pale Mogogosiek, nyumbani hakai. Basi Pipi, na mimba yake, akaachiwa mama mkwe.

Na hawa wawili, jameni, hawakuwa watu wa kuachiana kitu. Miaka miwili iliyopita mimba ya Bilhah iliharibika ikiwa na miezi sita. Sally akasimama mbele ya wanawake wa kanisa akasema huyo msichana alikataa chakula alichompikia, sasa amlilie nani. Mdomo wa Sally huo! Tangu siku hiyo Bilhah alimwamkia vizuri, akamletea sukari kila Krismasi, na hakukaa kwake zaidi ya dakika kumi. Mwezi uleule wa msiba ndipo alipomnunua Pipi, akawa analala naye kitandani.

Kwa hiyo Sally alipoletewa huyo mbwa alijua amepewa nafasi, na nyingine hatapewa. Pipi akifa mikononi mwake, Bilhah hatakanyaga ua huo tena.

Bilhah alimwachia na karatasi. Chakula cha dukani cha watoto wa mbwa, kidogo kidogo, mara nne kwa siku. Maji safi. Asiruke kutoka kwa kiti. Siku ya sitini na tatu ya mimba atazaa, katoni iwe mahali pa joto. Na chini kabisa, kwa mstari mwekundu: usimwongezee madini yoyote.

Sally aliisoma akakasirika. Yeye! Yeye ambaye majirani humwita kabla ya kumwita daktari, yeye ambaye ng'ombe wake hawajawahi kuanguka baada ya kuzaa, leo aandikiwe karatasi na mtu aliyekulia kwa migomba ya Keroka, asiyejua ng'ombe? Mnyama ana mimba, halafu anyimwe madini? Mifupa ya watoto itatoka wapi? Kila asubuhi akakoroga uji wa wimbi kwa maziwa, akatia kijiko kizima cha unga wa mifupa, uleule wa ng'ombe, na Pipi akalamba bakuli mpaka likang'aa.

Watoto walipotoka wanne, salama, bila kuhitaji daktari, Sally alipiga simu Keroka kifua mbele. "Umeona? Karatasi haizalishi mbwa." Bilhah akacheka. Sally alikuwa hajamsikia akicheka naye kwa miaka miwili, na siku nzima alitembea shambani akitabasamu peke yake.

Sasa Pipi alianza kutetemeka. Miguu ya nyuma ilikakamaa, akawa anatembea kama meza. Sally alimshika masikio, maana ng'ombe mwenye homa ya maziwa, ile inayowaangusha baada ya kuzaa, masikio yake huwa baridi, naye hulala chini amegeuza shingo, kimya. Haya yalikuwa moto. Na huyu hakulala, alikataa kabisa kulala. Basi si homa ya maziwa, Sally akaamua. Labda ni baridi ya mvua ya jana. Akamfunga blanketi.

Blanketi lilimzidishia. Pipi alitetemeka mpaka meno yakagongana, mate yakamtoka. Sally akampigia Kipkemoi, daktari wa mifugo, na bahati alikuwa kwa jirani anatibu ndama. Pikipiki yake ilifika kabla Sally hajamaliza kuomba Mungu.

Kipkemoi alitupa lile blanketi kando, akapima joto, akasikiliza moyo. Uso wake haukumpendeza Sally hata kidogo.

"Mama, amekula nini?"

"Chakula ya dukani. Ile bibi ya Isaiah aliacha."

"Hiyo tu?"

"Hiyo tu."

"Hakuna dawa ya kunyunyizia chai imemwagika hapa? Ya panya je? Sumu inafanya hivi hivi." Kipkemoi alikuwa amechuchumaa, mkoba wazi, chupa mbili mbele yake, hajashika hata moja. "Mama Isaiah, mimi si kanisa, sikuhukumu. Nikimdunga dawa ya calcium, ile madini ya mifupa, na si hiyo shida, moyo wake unasimama hapa. Nikichelewa pia anaenda. Niambie."

Pipi aliangukia ubavu, miguu imenyooka. Katoni ilikuwa inalia. Sally aliangalia mlango, eti labda Isaiah atatokea amsaidie kusema. Hakuna aliyetokea.

"Nimempa unga ya mifupa," alisema. "Kila asubuhi, tangu akiwa na mimba. Kijiko mzima. Ile ya ng'ombe."

Kipkemoi hakumwuliza zaidi. Alinyoa manyoya kidogo mguuni, akatafuta mshipa, akaanza kusukuma dawa polepole mno, mkono mmoja kwa sindano, mwingine umeshikilia kifaa cha kusikiliza moyo. Huku akimweleza, bila kumtazama, kwamba mwili wa Pipi ulizoea kuletewa calcium, ukasahau kuitoa kwa mifupa yake. Maziwa yakaja, yakavuta ile iliyokuwa kwa damu, ikaisha. Ni homa ya maziwa hiyohiyo, ila ya mbwa haifanani na ya ng'ombe: huyu hawi baridi, hawezi kutulia.

Sally alisikiliza yote. Ilichukua dakika nyingi. Kwanza taya zililegea, halafu miguu, halafu Pipi akavuta pumzi moja ndefu, akafumba macho, na tumbo lake likaendelea kupanda na kushuka.

"Amepona?"

"Leo. Watoto wasinyonye mpaka kesho hii saa. Wewe ndiyo mama yao. Maziwa ya dukani ya mbwa, niko nayo kidogo, kwa bomba ya sindano bila ncha yake, kila masaa mbili."

"Kongoi," Sally alisema, asante ya kwao, akayapokea maziwa.

Alipobaki peke yake alimweka mtoto wa kwanza kwenye aproni, akamnywesha tone kwa tone, na kwa mkono mwingine akapiga simu Keroka.

"Mama, habari ya huko? Pipi wangu?"

Angeweza kusema mzima, na haungekuwa uongo tena. Lo, jinsi ulimi ulivyotaka kusema hivyo!

"Bilhah, karibu nimuue." Akamweleza yote: karatasi, kijiko, jinsi alivyomdanganya daktari mbwa akiwa chini. Hakujitetea hata kidogo.

Bilhah alisikika akifunga mlango huko kwao.

"Mama," alisema polepole. "Nilikula."

"Nini?"

"Ile chakula ulikuwa unanipikia. Nilikula yote. Hata nikitapika, nilirudi nikakula. Daktari alisema mtoto hakuwa amejiunda vizuri tangu mwanzo, hakuna chakula ingesaidia. Lakini ulikuwa umeshaambia watu, na wewe ni mama ya Isaiah, ningekubishia aje?"

Maziwa yalimwagika kwenye aproni. Sally hakuyafuta. Aliiona ile siku ya kanisa, wanawake wakitikisa vichwa, na msichana amesimama nyuma, mikono juu ya tumbo tupu.

"Jumapili nitasimama niwaambie," alisema. "Wale wale. Nitawaambia ulikula."

Upande wa pili Bilhah alikuwa analia kwa sauti. Sally naye alilia, akamchukua mtoto wa pili, wala hakuna kati yao aliyekata simu.